Tarakimu Ishirini: Historia Fupi ya Amri Ipelekwayo kwa Mita ya Umeme

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na za miji mingine ya Tanzania, kuna kidude kidogo chenye vitufe, cha kuenea katika kiganja cha mkono, ambacho watu hukiita rimoti. Mita yenyewe haimo nyumbani. Iko juu ya nguzo, ndani ya sanduku lililofungwa, mahali ambapo mwenye nyumba hapafiki ila kwa ngazi, na ngazi yenyewe hana ruhusa ya kuipanda. Uniti zikiisha, mtu hununua nyingine kwa simu, hupewa tarakimu ishirini, huzibonyeza katika kidude kile, na kule juu ya nguzo swichi hurudi mahali pake na taa huwaka. Jambo hili hufanyika kila siku, wala hakuna alionaye kuwa ni ajabu.

Makusudio ya insha hii ni kueleza tendo hilo lilikotoka. Watu wengi, na wasomi miongoni mwao, hulichukua kuwa ni ununuzi tu, kama mtu anunuavyo sukari dukani. Kwa maoni yangu si ununuzi peke yake. Ni amri itumwayo kutoka mbali kwenda kwa chombo kipimacho umeme na kuutawala, na tarishi aichukuaye amri hiyo ni mnunuzi mwenyewe. Aichukua bila ya kujua ilivyoandikwa ndani.

Haja ya kupima umeme ina umri sawa na biashara ya umeme. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, alikuwa amekwisha kubuni mita ya kemikali. Ilikuwa ni chupa yenye maji ya chumvi ya zinki, na ndani yake vibao viwili vya zinki. Sehemu ndogo ya umeme wa mteja ilipitishwa katika chupa hiyo, nayo ilihamisha zinki kutoka kibao kimoja hadi kingine. Kila mwezi mtu wa kampuni alikuja, akavitoa vibao, akavichukua, vikaoshwa, vikakaushwa, vikawekwa katika mizani nyepesi sana, na kwa uzito ule hesabu ya fedha ikafanywa. Wakati wa baridi maji yale yaliweza kuganda, kwa hiyo ndani ya sanduku iliwekwa taa ndogo ya kuyapasha joto. Mita ikawa yala umeme ili ipate kuupima umeme! Lakini tusicheke tukasahau jambo kubwa zaidi: mteja hakuwa na njia yoyote ya kuisoma mita yake. Alitazama chupa, akaona maji na madini. Ukweli wa deni lake ulikuwa katika mizani ya kampuni.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1885 Galileo Ferraris wa Torino, Italia, alionyesha kwamba mikondo miwili ya umeme wa kupishana yaweza kuzungusha chuma kisichounganishwa na waya wowote. Mwaka 1888 Oliver Shallenberger, mhandisi wa Westinghouse huko Marekani, alikuwa akiitengeneza taa, na springi ndogo ikaanguka ndani yake. Akaiona inazunguka yenyewe. Mtu mwingine angaliitupa springi akaendelea na kazi. Yeye alikaa akaifikiri, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepata mita. Mwaka uliofuata Ottó Bláthy wa kiwanda cha Ganz, Budapest, alitoa mita iliyopima nguvu zenyewe zilizotumika, na kutoka kazi za watu hawa tukapata mita ile yenye kisahani kizungukacho nyuma ya kioo, ambayo wazee wetu waliijua. Mita hiyo ilisomeka na kila mtu ajuaye tarakimu. Mteja na kampuni walitazama uso mmoja.

Ila kusoma ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine. Msoma mita ilimpasa kwenda nyumba kwa nyumba. Akikuta mlango umefungwa alikisia, na makisio yakazaa ugomvi. Baada ya hapo ankara iliandikwa, ikapelekwa, ikasubiriwa. Asipolipa mtu, alitumwa fundi mwenye koleo kwenda kukata waya. Uingereza ilipata dawa ya namna yake tangu mwisho wa karne ya 19, kwanza kwa gesi na kisha kwa umeme: mita yenye tundu la kutia sarafu. Mpangaji maskini alitia peni, na baadaye shilingi, akapata gesi au mwanga wa thamani hiyo, basi. Katika mita ile fedha yenyewe ndiyo iliyokuwa amri. Ubaya wake ni kwamba kila nyumba ilikuwa na sanduku la fedha, na wezi walilijua. Tena kampuni haikuokoa miguu ya watu wake, maana mkusanya sarafu alizunguka kama alivyozunguka msoma mita.

Wengine walitafuta njia ya kusema na mita kwa waya. Wahandisi wa Ulaya walifikiri hivi: ikiwa waya wafika kila nyumba kwa kupeleka umeme, kwa nini usipeleke na neno pia? Wakaingiza katika umeme wa kawaida mtetemo mwingine wa kasi zaidi, nacho chombo kilichowekwa nyumbani kikausikia na kufungua au kufunga swichi. New Zealand iliitumia sana njia hii tangu miaka ya 1950 kuzima mitambo ya kupasha maji saa ambazo mzigo wa umeme ni mzito. Mwaka 1974 Theodore Paraskevakos, Mgiriki aliyefanya kazi Marekani, alipewa hataza ya kusoma vipimo kutoka mbali kwa njia ya simu. Na mwanzoni mwa karne hii kampuni ya Enel ya Italia ilianza kuondoa mita za kisahani na kuweka mahali pake mita zaidi ya milioni 30 zinazosomwa, na kukatwa, kutoka ofisini. Hapo kampuni ilipata mkono mrefu: hukaa mahali pamoja, ikafikia kila nyumba.

Nchi zetu zilikuja kwa njia nyingine, na kwa njia hiyo hatuna budi kwenda Afrika Kusini.

Katika miaka ya 1980 wakazi wa vitongoji vya Waafrika walitumia silaha waliyokuwa nayo, yaani kukataa kulipa. Soweto ilianza mgomo wa kodi za nyumba na huduma mwaka 1986, na mgomo huo uliendelea kwa miaka. Msoma mita hakukaribishwa, ankara zilitupwa, na mara nyingi fundi wa kukata waya hakuthubutu kuingia. Wakati huohuo nyumba nyingi mno hazikuwa na umeme kabisa, na utawala mpya ulipokuja mwaka 1994 uliahidi kuupeleka katika nyumba milioni 2.5. Ungewapelekeaje watu wasio na anwani ya posta, wengi wao wasio na mshahara wa mwezi, tena waliokwisha kuona kutolipa kuwa ni sehemu ya kupigania haki? Jawabu la wahandisi lilikuwa mita ya kulipa kwanza. Walio wengi wa wateja wale wapya walifungiwa mita hiyo tangu siku ya kwanza. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni: chombo tulichokirithi sisi kilisanifiwa ili kampuni isihitaji kugonga mlango wa mtu.

Mwanzoni kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na mashine ya kuuzia ya kiwanda hiki haikuweza kusema na mita ya kiwanda kile. Ndipo ulipotungwa mtindo mmoja wa wote, ujulikanao kwa herufi STS, ambao baadaye ulikubaliwa kuwa wa kimataifa. Ulikuwa na njia mbili za kuchukua ujumbe: kadi ya karatasi yenye ukanda wa sumaku, na tarakimu ishirini za kubonyeza. Kadi ilikuwa rahisi kwa mtumiaji, lakini tarakimu ndizo zilizoshinda. Kadi huhitaji kushikwa, ilhali tarakimu yaweza kuandikwa katika kipande cha gazeti, kusomwa katika simu, kutumwa kwa ndugu aliye kijijini, hata kukaririwa kwa moyo na mtu mwenye kichwa kizuri.

Je, ndani ya tarakimu hizo mna nini? Wengi hudhani kwamba ni namba ya risiti tu. Sivyo. Ni barua fupi. Ndani yake mna aina ya amri. Mna namba ndogo ya kubahatisha ili barua mbili zisifanane. Mna wakati ilipoandikwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu siku iliyochaguliwa kuwa mwanzo wa hesabu. Mna kiasi cha umeme. Na mwisho mna namba ya ukaguzi, ya kuonyesha kama barua imefika salama. Yote hayo hufumbwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita moja tu, ndiyo sababu uniti za jirani hazikufai wewe. Mita ikipokea tarakimu hulifumbua fumbo, huitazama namba ya ukaguzi, kisha hutazama wakati. Hukumbuka barua zisizopungua hamsini za mwisho. Ikiletewa iliyokwisha kutumika, au iliyo kongwe kuliko zote inazozikumbuka, huikataa. Haya yote huyafanya peke yake juu ya nguzo, bila ya kumwuliza mtu, kwani haina mtu wa kumwuliza. Kampuni haiisikii mita, wala mita haiisikii kampuni.

Basi kati yao yuko nani? Yuko jirani yangu, mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu. Jioni humwita mjukuu wake barazani, mtoto akashika simu na babu akashika rimoti. "Soma nne nne, mjukuu wangu, usikimbie," humwambia, na mtoto husoma kama asomaye ubao wa darasani. Mzee hubonyeza na kurudia kwa sauti kila tarakimu. Mara nyingine hukosea katika fungu la nne, na huanza upya. Nimewatazama mara nyingi, na kila mara nakumbuka matarishi wa zamani waliochukua barua ya serikali imebanwa katika ncha ya kijiti kilichopasuliwa, wakaifikisha safari ya siku nyingi bila kujua neno moja lililomo.

Mfano huo una upande wa pili usiojulikana sana. Barua zile si za kuongeza uniti tu. Mtindo uleule umeweka amri nyingine: ya kupunguza nguvu ambazo mteja aruhusiwa kutumia kwa wakati mmoja, ya kuifungua mita iliyojifunga baada ya kuchokorwa, ya kubadili ufunguo wa siri, na hata ya kufuta uniti zote zilizosalia. Zote zina tarakimu ishirini. Kwa sura hazitofautiani, na yule abonyezaye hawezi kuzitambua kabla ya kuona matokeo yake. Twakumbuka habari ya Uria, aliyepewa barua aipeleke kwa jemadari, na ndani yake imeandikwa auawe. Sisemi kwamba wateja wetu hufanyiwa hivyo. Nasema kwamba chombo chaweza, na ni vema atumiaye chombo ajue kiwezacho.

Katika Afrika ya Mashariki mita hizi zilipewa majina mazuri. Tanzania iliziita LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na zilianza kufungwa katika miaka ya 1990. Zanzibar wana TUKUZA. Uganda walianza mwaka 2011 wakaziita Yaka, neno la Kiganda lililo ndugu wa neno letu waka. Rwanda na Burundi watu husema Cash Power, na Kenya hununua tokeni za stima. Neno hilo stima nalo lina historia yake, maana lilitoka katika mvuke na merikebu kabla ya kuingia katika waya. Mwanzoni mtu wa Dar es Salaam alikwenda kununua uniti katika ofisi ya TANESCO au kituo cha petroli, akapanga foleni na kurudi na karatasi. Kisha fedha za simu zikaja, M-Pesa ikianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na baada ya muda safari yote ikamalizikia katika kiganja: simu mkono mmoja, rimoti mkono wa pili.

Rimoti yenyewe ilizaliwa na wizi. Mita ilipokuwa ndani ya nyumba, mafundi wa mitaani walijifunza kuupitisha umeme kando yake. Kampuni zikaipandisha mita juu ya nguzo, na vitufe vikaachwa chini kwa mteja. Kidude husema na mita kwa waya uleule uletao umeme, au kwa mawimbi ya redio. Kwacho mteja aweza pia kuiuliza mita: uniti ngapi zimesalia, ngapi zimetumika tangu ifungwe, ni mzigo gani uliopo saa hii. Hivyo katika jambo moja tumerudi kwenye chupa ya Edison, kwa kuwa hatuioni tena mita yetu. Na katika jambo jingine tumekwenda mbele kuliko mita ya kisahani, maana twaweza kuihoji tukiwa tumekaa kitini. Betri za kidude zikichoka, mazungumzo hukatika.

Na fundi mwenye koleo, je? Ametoweka. Wengi hulihesabu hilo kuwa ni heri, nami nakubali kwa sehemu. Hakuna deni linalojificha, hakuna makisio, na mtu mwenye shilingi elfu mbili hupata umeme wa shilingi elfu mbili bila ya kumwangukia mtu miguuni. Lakini fundi yule alikuwa mtu. Aliweza kuambiwa kwamba mna mgonjwa ndani, akarudi kesho. Leo umeme hukatika usiku wa manane katika nyumba isiyo na fedha, bila ya mkataji na bila ya shahidi, na hakuna daftari liandikalo kwamba nyumba hiyo imekatiwa. Huandikwa tu kwamba haikununua.

Kwa sababu kila mita ina namba yake na kila mnunuzi hana budi kupita mlango mmoja, serikali nazo ziliona faida. Mwezi Agosti 2021 Tanzania ilianza kutoza kodi ya majengo kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1898 iliwapasa kuwatumia maakida na askari. Sasa kodi hukatwa kabla uniti hazijatoka, na mara nyingi humwangukia mpangaji, kwa kuwa ndiye anunuaye umeme, huku nyumba ni ya mwingine. Ugomvi wa wapangaji sita wanaotumia mita moja wahitaji insha yake peke yake.

Yawezekana msomaji atauliza kama haingekuwa bora tufanye kama Italia, kampuni iseme na mita moja kwa moja. Mita za namna hiyo zimekwisha kuanza kufungwa katika nchi zetu. Zina faida kubwa, lakini yafaa tukumbuke yaliyotokea Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Watu waliojipenyeza katika kompyuta za kampuni tatu za umeme walizishika swichi za vituo kutoka mbali, na waendeshaji wakakaa wakitazama alama ya kipanya ikitembea yenyewe katika kioo na kuzima kituo baada ya kituo. Wateja wapatao 225,000 waliachwa gizani. Umeme ulirudishwa kwa saa chache kwa sababu mafundi waliingia katika magari wakaenda vituoni kuzirudisha swichi kwa mikono. Mkono mrefu wa kampuni ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine. Mita isiyosikia haiwezi kudanganywa kwa namna hiyo. Atakaye kuzima mita milioni moja za tarakimu ishirini itampasa kuwadanganya watu milioni moja, kila mmoja kwa zamu yake.

Hata hivyo uziwi huo nao una bei yake, na bei ilidaiwa mwaka 2024. Nilisema kwamba kila barua huandikwa wakati wake kwa dakika. Waliotunga mtindo ule walichagua tarehe 1 Januari 1993 kuwa mwanzo wa hesabu, wakaitengea nafasi ya kufikia dakika 16,777,216. Kwao ilikuwa nyingi mno. Lakini dakika hazingoji, nazo zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo mita ingeona kila barua mpya kuwa ni kongwe na kuikataa. Dawa ilikuwa moja: kuipa kila mita ufunguo mpya, na kuanza hesabu mpya. Ufunguo mzima haukuenea katika barua moja, kwa hiyo uligawanywa nusu mbili, tarakimu ishirini kila nusu.

Hapo ndipo ilipoonekana ni nani hasa aliyeshika mkono wa mtambo huu. Kampuni za Afrika zilikuwa na ofisi, mitambo na wataalamu, lakini hakuna hata moja iliyoweza kuifikia mita ya namna hii isipokuwa kwa kidole cha mtu aliyekaa nyumbani. Mwaka ule wateja wa Tanzania waliponunua umeme walipewa mafungu matatu badala ya moja; wakaambiwa wabonyeze la kwanza, kisha la pili, ndipo wabonyeze la tatu lililokuwa na uniti zao. Kenya, Afrika Kusini na nchi nyingine walifanya vivyo hivyo. Mamilioni ya watu, walimu na wauza samaki, watoto walioazimwa na bibi zao, walibadili funguo za siri za mitambo juu ya nguzo, na wengi wao hawakujua kwamba ndilo walilolifanya. Jirani yangu alibonyeza tarakimu sitini jioni moja. Mjukuu alisoma, babu akarudia, na walikosea mara mbili.

Hesabu mpya imeanzia mwaka 2014, nayo itakwisha tarehe 24 Novemba 2045.